Afisa ustawi wa jamii afike shuleni: barua ya wazi kwa wizara tatu na wakurugenzi wa halmashauri

KWA: Waziri wa Nchi, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na Wakurugenzi wa Halmashauri zote za Tanzania Bara.

YAH: KUPANGIWA MAAFISA USTAWI WA JAMII KATIKA SHULE ZA SERIKALI

Waheshimiwa,

Tunawaandikia tukiwa maafisa ustawi wa jamii na walimu wa dawati la ulinzi wa mtoto tunaofanya kazi na watoto wa shule za msingi na sekondari za serikali. Ombi letu ni moja. Kila kata ipate afisa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni shule za kata hiyo peke yake. Awe na siku inayojulikana katika kila shule, awe na uwezo wa kutoka nje ya geti kumfuata mtoto nyumbani, na asiwe chini ya mwalimu mkuu. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini tunaomba hivyo, kazi yenyewe inafanyikaje, na wapi huwa inaharibika.

Tunajua Serikali haijakaa tu. MTAKUWWA wa kwanza, yaani Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, uliotekelezwa kuanzia 2017/18 hadi 2021/22, uliunda kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika vijiji na mitaa, kata na halmashauri. Yakaja madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule. Namba 116 ya kutoa taarifa za watoto inapigwa bure. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako huduma zote hupatikana mahali pamoja. Ukiviweka mezani, vipande karibu vyote vipo. Anayekosekana ni mtu wa kuviunganisha kuanzia pale ambapo mtoto anaonekana kila siku, yaani shuleni.

Kwa sasa mzigo huo amebebeshwa mwalimu. Anateuliwa kuwa mwalimu wa unasihi (ushauri nasaha) au wa dawati, pengine baada ya semina ya siku mbili tatu, na vipindi vyake vinabaki vilevile. Mtoto akimfungukia saa nne asubuhi, saa nne na nusu anatakiwa awe mbele ya darasa jingine. Hawezi kwenda kwa mama wa mtoto, kwa mtendaji, zahanati na polisi, kisha arudi kufundisha kipindi cha mwisho. Hata akienda, jioni anarudi kulala kijijini humohumo, mara nyingine kwenye nyumba ya kupanga ya ndugu wa mtuhumiwa. Isitoshe, ndiye huyohuyo anayeshika fimbo akiwa zamu na kusahihisha mitihani. Mtoto hupima hayo yote kabla ya kufungua mdomo. Hatumlaumu mwalimu. Amepewa kazi ya mtu mwingine juu ya kazi yake.

Tuanze na utoro, kwa sababu ndiko matatizo mengi yanakojionyesha kwanza. Chukueni daftari la mahudhurio la darasa la sita la shule yoyote. Mwalimu wa darasa huandika waliopo na wasiokuwepo, mwisho wa mwezi anatoa asilimia, inapelekwa kwa Afisa Elimu Kata. Asilimia 88 inaonekana ya kuridhisha, na hapo habari inaishia. Afisa ustawi haanzi na asilimia. Anaanza na mstari wa mtoto mmoja, anaufuata kwa kidole majuma nane kurudi nyuma, na mstari wenyewe unaanza kusema. Msichana anayekosa siku tatu au nne mfululizo kila baada ya wiki nne hana utoro. Hana taulo za kike, au choo cha shule hakina maji wala komeo. Mtoto anayekosa kila siku ya gulio anauza kitu, au amebaki na mdogo wake ili mama akauze. Katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, wavulana wanaopotea wiki mbili, wakaonekana mbalamwezi inapokuwa kubwa, kisha wakapotea tena, wako mwaloni, kwenye kituo cha wavuvi: dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Kwenye mabonde ya mpunga, watoto hukosekana mpunga unapotoa punje kwa sababu wanaamia ndege. Anayekosa Jumatatu tu huenda alipelekwa mwisho wa wiki kwa mzazi mwingine na nauli ya kurudi ikachelewa, au kuna mtu analewa nyumbani kila Jumapili. Na yule asiyekosa hata siku moja, anayefika saa kumi na mbili kabla geti halijafunguliwa na kubaki hadi mlinzi amfukuze, anastahili kuulizwa taratibu anakimbia nini nyumbani.

Kila mmoja wa hao anahitaji jambo tofauti. Mfumo tulionao unawapa wote jambo moja, nalo ni viboko au barua ya kumwita mzazi. Barua anakabidhiwa mtoto mwenyewe aipeleke, na mara nyingi haifiki. Baada ya barua tatu shauri linapelekwa kwa mtendaji, mzazi anatishiwa faini, mtoto anarudishwa darasani siku mbili, kisha anapotea moja kwa moja. Mtoro wa rejareja amegeuka mtoro sugu mikononi mwetu.

Afisa ustawi angeenda nyumbani kabla ya barua. Ziara ya nyumbani ina utaratibu wake. Hauendi na sare wala na mgambo. Hauendi saa ya chakula, kwa sababu familia isiyo na chakula itaona aibu na kukuficha yote. Unamwambia mtoto mapema kwamba utakwenda, na unamuuliza nani ni salama kuzungumza naye kule. Unapofika unaangalia zaidi kuliko unavyouliza: wanalala wangapi na wapi, maji yanachotwa umbali gani na nani anayachota, nani mgonjwa, nani anapika, kuna mtu mzima usiku au hakuna. Ukitoka unaandika siku hiyohiyo, maana kesho yake picha imeshachanganyika na ya nyumba nyingine. Ndipo unajua kama kaya inafaa kuombewa msaada wa kaya maskini kupitia TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), kama bibi anayelea wajukuu watano anahitaji msamaha wa matibabu, kama mzazi mmoja ameacha kutoa matunzo na shauri liende Mahakama ya Watoto, au kama kinachohitajika ni kukubaliana na jirani abaki na mtoto mdogo hadi saa nane mchana. Hilo la mwisho halina fomu yoyote, wala haligharimu kitu, na limewarudisha wengi darasani.

Kuna jambo dogo linalopita bila kuonekana. Shule nyingi huandaa uji au chakula kwa mchango wa mahindi na maharage kutoka kwa wazazi. Mtoto ambaye kwao hawajachanga hukaa kando wenzake wanapokula, au hutumwa kuchota maji wakati huo. Baada ya mwezi haji tena. Kamati ya shule inaweza kumsamehe, lakini mzazi aone haya kiasi gani hata asimame mkutanoni kujitangaza maskini? Afisa ustawi ndiye wa kupeleka kwa mwenyekiti wa kamati orodha fupi, ya siri, ya watoto wa kula bila kuulizwa.

Sasa tuje kwenye ukatili wa kingono. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili huo angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa darasa la wasichana 40, hao ni karibu 12 ifikapo umri huo. Mahali pa kwanza pa kugundulika ni shule, na saa za mwanzo ndizo zinazoharibiwa kuliko zote.

Hivi ndivyo zinavyoharibika. Mtoto anamwambia mwalimu wa darasa. Mwalimu anampeleka kwa mwalimu wa dawati, naye anauliza upya. Wanakwenda kwa mwalimu mkuu, anauliza tena, safari hii mbele ya walimu wengine wawili. Mwalimu mkuu anamwita mzazi, mzazi anauliza kwa ukali. Wanakwenda kwa mtendaji, kisha polisi. Mtoto amesimulia mara sita, na maelezo ya mara ya sita hayalingani kabisa na ya kwanza, kwa sababu hakuna mtoto wala mtu mzima anayeweza kurudia jambo la kuumiza neno kwa neno. Wakili wa utetezi atazipanga tofauti hizo moja baada ya nyingine. Wakati huohuo mama, kwa uchungu na usafi wake, amemwogesha mtoto na kufua nguo. Na saa zimekwenda.

Utaratibu unaofaa ni mfupi. Mtu mzima wa kwanza kuambiwa anasikiliza, anauliza matatu tu: nini kilitokea, nani, lini. Haongezi la nne. Anaandika maneno ya mtoto kama yalivyotoka, hata kama mtoto ametaja kiungo kwa jina la mtaani, anaweka tarehe na saa, anatia sahihi. Anampigia afisa ustawi. Kuanzia hapo afisa ndiye anayetembea na mtoto, na hakuna mwingine shuleni anayeuliza. Mtoto asiogeshwe. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza. Hospitali kabla ya yote, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, nayo pia ikiwahi ndiyo bora. Fomu ya polisi ya PF3 ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu yasisubiri karatasi. Afisa anaifuata mwenyewe polisi wakati mtoto yuko kwa daktari.

Baadaye ndipo panahitaji uvumilivu. Dawa hizo hunywewa siku 28. Zinatia kichefuchefu, hasa kwa tumbo tupu, na watoto wengi huziacha njiani bila mtu kujua. Afisa aliye kwenye kata anaweza kuhakikisha mtoto amekula na amemeza, kwa kupanga na mwalimu mmoja tu anayeaminika. Kama mtuhumiwa anaishi nyumba moja na mtoto, mtoto hawezi kurudi huko usiku ule. Ndiyo maana kila kata inahitaji familia za kuaminika mbili au tatu zilizokaguliwa mapema, siyo kuanza kuzitafuta saa moja usiku. Halafu inakuja mahakama. Shauri linaahirishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara mtoto anakosa shule na mama anakosa nauli. Nje ya mahakama ndugu wa mtuhumiwa wanaleta ng'ombe wawili au ahadi ya ndoa. Siku shahidi anapotakiwa, mtoto ameshapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Mashauri mengi tunayoyaona yanafia hapo, kwenye nauli na kikao cha ukoo, ilhali sheria yenyewe ipo na ni kali. Afisa mwenye bajeti ya nauli ya mama na mtoto, anayejua tarehe ya shauri na kufika nyumbani siku mbili kabla, anaziba pengo hilo.

Tunaomba pia mliangalie suala la chumba. Shule nyingi zinaposema zina chumba cha unasihi zinamaanisha stoo yenye meza, ukutani pa ofisi ya mwalimu mkuu. Mtoto hazungumzi pale. Chumba kiwe mbali na ofisi ya walimu, kiwe na dirisha ambalo mpita njia anaona watu wawili wameketi lakini hasikii. Kuonekana huko kunamlinda mtoto, kunamlinda na afisa. Viti viwili vya kimo kimoja, pasiwe na meza katikati. Mlangoni pasiandikwe neno linalomtambulisha anayeingia kuwa na shida. Afisa aonane na watoto wengi kwa mambo ya kawaida pia, kama sare, bima ya afya au cheti cha kuzaliwa, ili kuingia mle kusiwe habari. Na jina la mtoto lisisomwe mstarini asubuhi. Mtoto aliyeitwa mstarini kwenda kwa afisa ustawi ameshaulizwa na darasa zima kabla hajafika mlangoni.

Sanduku la maoni nalo lina kanuni zake. Likitundikwa mlangoni pa ofisi, watatumbukiza wanaolalamikia uji. Litundikwe njia ya vyooni, mahali ambapo kila mtoto ana sababu ya kupita. Ufunguo usikae kwa mwalimu mkuu wala kwa mwalimu wa dawati. Lifunguliwe siku maalumu kila wiki na watu wawili, afisa na mjumbe mmoja wa kamati ya shule asiye mwalimu. Karatasi ikichukua mwezi bila kufanyiwa kazi, watoto watalinyamazia sanduku milele.

Kuhusu siri, tunasema wazi: afisa asimwahidi mtoto siri kamili. Mwanzoni kabisa amweleze kwamba mambo yake hayatasemwa, isipokuwa akiwa ameumizwa au yuko hatarini kuumizwa, akiwa na mpango wa kujiumiza au kuumiza mwingine, au mahakama ikiyataka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Afisa hana ruhusa ya kunyamaza. Mwalimu wa darasa apewe kile tu kinachomsaidia kufundisha. Inatosha kumwambia, "Mwezi huu asiulizwe mbele ya darasa, na akiomba kutoka aruhusiwe." Kisa chenyewe si chake. Majalada yawe na namba badala ya majina juu, yakae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo wa pili uwe kwa afisa ustawi wa halmashauri.

Hapo tunafika kwenye jambo gumu, nalo ni nani bosi wa afisa huyu. Leo, katika halmashauri, ustawi wa jamii umewekwa pamoja na afya na lishe chini ya Mganga Mkuu. Kitaaluma wizara mama ni ya Maendeleo ya Jamii. Watoto wenyewe wako mikononi mwa Elimu. Mafuta yakiwa machache yanakwenda kwenye chanjo, na hatuwezi kulaumu. Mganga Mkuu anapimwa kwa chanjo. Barua ya afisa elimu kwenda kwa afisa ustawi aliye jengo la pili inaweza kupitia masjala mbili na kuchukua wiki. Mtoto wa saa 72 hana wiki.

Wapo watakaopendekeza afisa awekwe chini ya mwalimu mkuu ili mambo yaende haraka. Tunawaomba msifanye hivyo. Baadhi ya mashauri mtuhumiwa ni mwalimu. Mwalimu mkuu, kwa kulinda jina la shule au kwa kumhurumia mwenzake mwenye familia, huomba ahamishwe. Mwalimu anakwenda shule nyingine yenye watoto wengine. Afisa ambaye tathmini yake ya mwaka inajazwa na mwalimu mkuu hawezi kupeleka taarifa hiyo polisi na Tume ya Utumishi wa Walimu siku hiyohiyo. Vilevile kwa viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na vyote viandikwe kwenye kitabu. Msimamo wetu ni kwamba fimbo iondoke kabisa shuleni, lakini hata kanuni iliyopo haifuatwi: kila mwalimu wa zamu ana fimbo yake na kitabu cha adhabu ni kitupu. Afisa ustawi akiomba kukiona kila anapofika, kitabu kitaanza kuandikwa, na kinachoandikwa hupungua. Awajibike kwa afisa ustawi wa halmashauri, nakala ya ratiba yake ikiwa kwa Afisa Elimu Kata. Mwalimu mkuu awe mshirika wake.

Msichana aliyejifungua anastahili maneno kadhaa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango wa kurejea, na tuliushangilia. Lakini mlango kuwa wazi hakumwingizi mtu anayenyonyesha mtoto wa miezi mitano. Kabla hajarudi lazima ijulikane nani atabaki na mtoto, atanyonyesha saa ngapi na wapi, siku ya kliniki itakuwaje, nani atalipia sare mpya maana ya zamani haimtoshi, na kama arudi shule ileile au ahamie nyingine ambako hachekwi. Akishindwa mfumo wa kawaida, ipo njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Bila mtu wa kukaa na familia yake na kuandika mpango huo, anaripoti Januari na kufikia Machi ameacha. Tuongeze hili: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo msichana hubanwa na pande mbili, polisi wakitaka jina na ukoo ukitaka anyamaze. Afisa ustawi asigeuzwe mpelelezi wa jina hilo, wala mpimaji wa mimba shuleni. Siku atakapoonekana akigawa vikopo vya mkojo, hakuna msichana atakayemkaribia tena.

Kwa jumla, afisa ustawi asiwe mwalimu wa nidhamu. Asipangiwe vipindi vya kujaza pengo la mwalimu wa hisabati, asikusanye michango, asisimamie mitihani. Kwenye sekondari za kata, ambako wanafunzi wanaotoka mbali hupanga mageto, yeye ndiye wa kuyajua: yako wapi, nani mwenye nyumba, wanaishi wangapi, wanakula nini kufikia Alhamisi unga unapoisha.

Gharama? Kata za Tanzania Bara zinakaribia 4,000. Nchini Marekani, ambako kazi hii ilianza 1906 huko New York na Boston, chama cha taaluma kinapendekeza afisa mmoja kwa wanafunzi 250. Hatuombi hivyo. Kata yenye shule nne za msingi na sekondari moja inaweza kuhudumiwa na mtu mmoja akiwa shuleni asubuhi na majumbani mchana, siku moja kwa kila shule, na nusu ya Ijumaa kwa majalada na kikao cha mtendaji, polisi kata na muuguzi wa zahanati. Kwa uzoefu wa kazi hii, mtu mmoja hubeba vizuri mashauri 25 hadi 30 yanayoendelea. Yakizidi, anabaki kutia sahihi. Vifaa vyake ni pikipiki, simu yenye salio, kabati la chuma na majalada. Akitembea kilomita 35 kwa siku, siku 20 za kazi, ni kilomita 700 kwa mwezi, takriban lita 20 za petroli. Tunaomba lita hizo zipewe kifungu chake kwenye bajeti, zisikae kwenye kapu la mafuta ya divisheni, na kuwe na kifungu kidogo cha nauli za mashahidi watoto.

Watu wapo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama ilianzishwa 1973, na vyuo vingine vimefuata. Wahitimu wengi wako mtaani wakisubiri ajira. Tafadhali msijaze nafasi hizi kwa wanachuo wa mafunzo kwa vitendo. Mwanachuo anakaa miezi miwili na kuondoka, na mtoto aliyemweleza mambo yake anabaki akijiuliza nani mwingine anayajua.

Mkishawapanga, msiwapime kwa idadi ya kesi kupungua. Afisa akijua atasifiwa kwa kesi chache, ataacha kuziandika, na mwaka wa kwanza wa kazi nzuri kesi lazima ziongezeke kwa sababu watoto wameanza kusema. Pimeni muda: kutoka mtoto aliposema hadi alipofika hospitali, kutoka utoro wa siku ya tatu hadi ziara ya nyumbani. Pimeni wangapi waliorudi darasani bado wapo baada ya miezi mitatu, na mashauri mangapi yamefika hukumu mtoto akiwa ametoa ushahidi.

Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa 2025 imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba sasa watatakiwa wawe darasani katika umri ambao ndoa, mimba na kazi vinawavuta zaidi. Daftari la mahudhurio litakuwa refu kuliko tulivyozoea.

Cha kwanza tunachoomba ni waraka mmoja wa pamoja wenye sahihi za makatibu wakuu wa wizara zenu tatu, wala si nyaraka tatu. Useme afisa wa shule za kata anawajibika kwa nani, majalada ni ya nani, mwalimu afanye nini na asifanye nini katika saa ya kwanza, na kifungu gani cha bajeti kinabeba mafuta. Kila halmashauri ianze na kata tatu, moja iwe ya pembezoni kabisa, na maafisa wa kuanzia watolewe kati ya waliopo huku ajira mpya zikiombewa kibali. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, hupangwa miezi mingi kabla. Waraka uwafikie wakurugenzi kabla hawajafunga makisio yao ya ikama.

Wenu katika kazi,

Maafisa ustawi wa jamii na walimu wa dawati, shule za msingi na sekondari